Jenerali Benjamin Butler: aliwapokea wale watoro watatu kwa huruma, au kwa ujanja wa uwakili?

#1 Mdadisi wa Tanga (mleta uzi)
Wakuu, heri ya jioni. Kwa wiki nzima nimekuwa nikisoma habari za Benjamin Franklin Butler wa Massachusetts, wakili aliyegeuka jenerali na kisha mwanasiasa, aliyezaliwa 1818 na kufariki 1893, na kuna usiku mmoja katika maisha yake ambao nimeshindwa kuupitia hivi hivi.

Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, wiki chache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza Marekani, wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliingia katika mashua ndogo na kupiga makasia gizani kutoka upande wa waasi, yaani majimbo ya kusini yaliyojitenga, mpaka Ngome ya Monroe, Virginia, ambayo ilikuwa bado mikononi mwa serikali ya Washington. Walikuwa watumwa wa Kanali Charles Mallory. Walikuwa wametiwa kazini kujenga boma la mizinga la waasi, na walikuwa na habari kwamba wangepelekwa North Carolina, mbali na jamaa zao. Butler alikuwa ndiyo kwanza ameingia ngomeni siku iliyotangulia.

Sheria ya mwaka 1850 ilitaka mtoro arudishwe kwa bwana wake, hata akikamatwa katika jimbo lisilo na utumwa. Kesho yake akaja Meja John Cary na bendera nyeupe, akiwadai kwa niaba ya kanali. Butler akamjibu kwamba Virginia imekwisha kujitangaza kuwa nchi ya kigeni, kwa hiyo haiwezi kudai haki chini ya sheria za nchi iliyoikana. Na kwa kuwa wenyewe mnasema watu hawa ni mali, na mali hiyo inatumika kunipiga mimi vita, basi naichukua kama mali yoyote ya adui. Meja akarudi mikono mitupu.

Swali langu ni hili: aliamua vile kwa sababu gani? Mimi naiona kuwa ni huruma iliyovalishwa joho la uwakili. Karibuni mnikosoe.

#2 Wakili Mstaafu
Mleta uzi, ahsante kwa mada, lakini neno "huruma" umelitoa wapi? Hoja uliyoinukuu haina hata chembe ya huruma. Ni hoja ya mtu aliyekaa mahakamani zaidi ya miaka 20, anayejua kwamba njia fupi ya kumshinda mpinzani ni kukubali kila anachosema na kumwacha akwame ndani yake. Mkisema ni watu, basi ni wageni waliokuja kwangu kwa miguu yao. Mkisema ni mali, basi ni mali ya vita. Mkisema sheria ya 1850 inawalinda, rudini kwanza chini ya Katiba, mle kiapo cha utii, kisha tuzungumze. Kila mlango aliougusa Meja Cary ulikuwa umefungwa kwa komeo alilotengeneza yeye mwenyewe.

Niliwahi kushinda shauri la shamba kwa njia hiyo hiyo. Mpinzani wetu alikuwa amekana kwa maandishi kwamba yeye ni wa ukoo ule, ili asichangie deni la marehemu. Miaka miwili baadaye akaja kudai mgawo wake wa mikorosho. Sikuwa na haja ya shahidi. Nilimsomea hakimu barua yake, nikakaa.

#3 Binti Lindi
Nakubaliana na Wakili, na ninaongeza jambo ambalo mleta uzi amelipita. Mwezi mmoja tu kabla ya usiku ule, Aprili 1861, Butler huyu huyu alikuwa Annapolis, Maryland, na aliposikia uvumi kwamba watumwa wa pale wanataka kuinuka, alimwandikia Gavana Hicks akijitolea kuwatumia askari wake kuuzima uasi huo. Gavana wake mwenyewe wa Massachusetts, John Andrew, alimkaripia kwa barua. Sasa ile huruma ya Mei ilikuwa imelala wapi mwezi wa Aprili?

#4 Kiroboto
Ilikuwa inahesabu vijiko. Watu wa New Orleans walimbatiza jina la "Vijiko" kwa sababu walidai aliwaibia vijiko vya fedha. Mtu wa namna hiyo tunamjadili huruma?

#5 Kapteni Mstaafu
Kiroboto, ya New Orleans ni ya mwaka uliofuata, tutayafikia. Kwanza tumalize ya ngome.

Ndugu zangu wa sheria mmenogewa na sheria. Nimevaa sare miaka 22, na ninachokiona mimi ni kamanda anayehitaji mikono. Mahema yanataka kusimamishwa, mitaro inataka kuchimbwa, mikate inataka kuokwa, na kila mtu mwenye koleo upande wa pili anaifanya mizinga ya adui ielekee kwako mapema zaidi. Ukimrudisha mjenzi wa boma kwa adui, umempa boma. Hata Butler angekuwa hajui kusoma na kuandika, angefikia uamuzi ule ule. Tofauti ni kwamba asingejua kuueleza. Hoja ya sheria ilikuja kupambia tu.

#6 Mwalimu wa Zamu
Shikamooni wakubwa. Naomba kurekebisha mambo mawili, maana naona uzi unakwenda kana kwamba Butler aliwaachia huru watu wale.

La kwanza, hakumpa mtu uhuru siku ile. Aliwazuia tu wasirudishwe. Waziri wa Vita, Simon Cameron, aliuridhia uamuzi wake mwisho wa Mei, na tarehe 6 Agosti 1861 Bunge likapitisha sheria ya kutwaa mali iliyotumika katika uasi, ambayo ilimnyima bwana madai juu ya mtumwa aliyetumikishwa kwa ajili ya jeshi la waasi. Kuhusu hadhi ya mtu huyo baada ya hapo, sheria ilinyamaza. Ilimtoa mikononi mwa mmoja bila kusema sasa ni wa nani, au kama ni wa mtu yeyote.

La pili ndilo zito. Mnamjadili Butler kana kwamba ndiye aliyeanza. Walioanza ni wale watatu kwenye mashua. Hawakujua kama watapokewa au watafungwa kamba na kurudishwa, na walikuwa na kila sababu ya kutegemea la pili, kwa kuwa hapo Machi kamanda wa ngome nyingine, huko Florida, alikuwa amewarudisha watoro waliomkimbilia. Habari za kupokewa kwao zilisambaa kabla barua ya Butler haijafika Washington. Ndani ya siku tatu walikuwa wamefika makumi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wenye watoto wachanga na wazee wasioweza kuinua koleo.

Na hapo ndipo hoja ya Wakili inapoanza kuvuja, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hakujenga boma lolote. Butler mwenyewe aliliona tundu hilo. Tarehe 30 Julai alimwandikia waziri kwamba anao watu 900: wanaume wenye nguvu 300, wanaume waliokwisha kupita umri wa kazi ngumu 30, wanawake 175, watoto wa chini ya miaka 10 wapatao 225, na wengine 170 wa kati ya miaka 10 na 18. Kisha akauliza waziwazi: hawa ni mali? Kama walikuwa mali, je, bwana wao alipokimbia na kuwatelekeza, hawakurudi kuwa watu? Kapteni, kamanda anayetafuta mikono tu halishi vinywa 600 visivyo na mikono ya kazi.

#7 Kapteni Mstaafu
Mwalimu, hapo umenipata kidogo. Lakini elewa kwamba mwanamume hatafanya kazi kwa moyo huku mkewe amebaki upande wa adui. Kulisha familia ni gharama ya kumpata mfanyakazi. Jeshi lolote lenye akili linajua hivyo.

#8 Mwana wa Lamu
Naomba kuingilia kwa jambo la lugha, kisha nitawapisha. Wale watu waliitwa kwa Kiingereza "contraband", neno ambalo kamusi zetu hulifasiri "magendo", na nimeona makala za Kiswahili zikiwaita "watumwa wa magendo". Fasiri hiyo inapotosha. Magendo ni bidhaa inayopitishwa kwa siri kukwepa ushuru au katazo. Alichokisema Butler kiko karibu zaidi na ngawira, yaani mali ya adui inayotwaliwa vitani. Ukisema magendo, unamfanya yule mtu aonekane kama furushi la bangi mpakani.

#9 Wakili Mstaafu
Mwana wa Lamu, nakupinga kwa heshima. Katika sheria ya vita ya wakati ule, neno lile lilihusu bidhaa ambazo nchi isiyo vitani huzipeleka kwa mmoja wa wanaopigana, kwa mfano baruti, na mpinzani wake ana haki ya kuzikamata njiani. Ndiyo maana wanasheria walimcheka Butler: mtumwa aliyekimbia kutoka shamba la karibu hakuletwa na meli ya mtu yeyote. Kwa hiyo neno lilikuwa na kasoro tangu huko kwao. Ukilifasiri kwa usahihi zaidi kuliko alivyolitumia yeye, umemsaidia kesi.

#10 Mwana wa Lamu
Basi tubaki na "watoro", neno wanalolielewa wote na lisilomgeuza mtu kuwa shehena.

#11 Bibi Kanga
Wanangu, mimi nina maelezo ambayo hakuna aliyeyagusa, nayo ni malezi. Butler alifiwa na baba angali mchanga. Mama yake alihamia Lowell, mji wa viwanda vya nguo, akaendesha nyumba ya kupangisha wasichana waliofanya kazi viwandani. Mtoto alikua akiwasikia wale wasichana wakirudi usiku wamechoka, wamekatwa mishahara. Alipokuwa wakili tangu 1840 aliwatetea wafanyakazi wa viwanda, akapigania siku ya kazi ya saa 10. Kinasimuliwa kisa kwamba katika shauri la msichana mmoja aliyedhulumiwa ujira, aliomba mahakama ilizuie gurudumu la maji linaloendesha kiwanda mpaka binti alipwe, na akalipwa siku ile ile. Mtu huyo hakuwapenda mabwana wakubwa, wa kaskazini wala wa kusini. Kanali Mallory alipotuma mjumbe mwenye sare safi kudai watu wake, mimi naona Butler alimsikia tajiri wa kiwanda.

Na kwa wale wasiojua, kitambaa kile kizito cha pamba ambacho bibi zetu wa pwani walikiita marekani kilikuwa kikitoka kwenye viwanda vya Massachusetts, na kikafika Unguja kwa majahazi makubwa ya Salem. Bibi yangu alikuwa akiuonyesha mkoba wake wa zamani, mishono imekaza kama ngozi ya ngoma, anasema: hiki ni marekani halisi, hiki cha leo ni karatasi. Vita ile ya akina Butler ndiyo iliyokatiza biashara hiyo, kwa sababu pamba ya kusini haikufika tena viwandani, na nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi yake sokoni kwetu.

#12 Kiroboto
Bibi, shikamoo. Lakini pamba ya viwanda hivyo ilivunwa na nani? Butler alikuwa na hisa katika kiwanda cha Lowell. Alikuwa akiwatetea wasichana waliosokota pamba iliyochumwa na watumwa.

#13 Bibi Kanga
Marahaba mwanangu. Sikusema alikuwa malaika, nimesema alichukia mabwana wakubwa. Mtu anaweza kuchukia mabwana wakubwa huku akitamani kuwa mmoja wao, na kwa hakika alitajirika.

#14 Binti Lindi
Kiroboto alitaja New Orleans, na nadhani sasa ni wakati wake, maana pale ndipo sababu zenu zote zinapopimwa.

Tarehe 1 Mei 1862 Butler aliingia na jeshi lake katika mji huo wa waasi uliokuwa umetekwa. Wanawake wa mji walikuwa wakiwatemea askari wake mate, na mmoja alimwagia Admirali Farragut chombo cha usiku kutoka ghorofani. Tarehe 15 Mei Butler akatoa Amri Namba 28: mwanamke atakayemtusi askari atahesabiwa kuwa mwanamke wa barabarani anayetafuta wateja. Waziri Mkuu wa Uingereza, Palmerston, alisimama bungeni kuilaani. Mwezi uliofuata Butler alimnyonga William Mumford kwa kosa la kushusha na kuchana bendera ya Marekani. Desemba, Jefferson Davis, rais wa waasi, akamtangaza kuwa haramia wa kunyongwa popote atakapokamatwa. Wenyeji walipachika picha yake chini ya vyombo vya usiku, makengeza yake yakiwatazama.

Hata hivyo, mji huo huo ulikuwa umepoteza watu karibu 8,000 kwa homa ya manjano mwaka 1853. Butler aliweka meli karantini, akawalipa maskini wa mji kufagia mitaa na kuzibua mifereji, na mwaka 1862 waliokufa kwa homa hiyo walikuwa wawili. Kwa hiyo Kiroboto, umhesabie vijiko, lakini umhesabie na makaburi ambayo hayakuchimbwa.

#15 Kiroboto
Vijiko nitaendelea kuvihesabu. Ndugu yake Andrew aliondoka New Orleans tajiri, wakati jenerali ndiye aliyekuwa akitoa vibali vya biashara.

#16 Mwalimu wa Zamu
Katika mji huo kuna kipimo kizuri zaidi ya vijiko na homa. Jenerali mmoja chini yake, John Phelps, mpinga utumwa wa kweli, alitaka kuwapa watoro silaha. Butler akamwambia awape shoka wakakate miti. Phelps akajiuzulu Agosti 1862. Wiki chache baadaye, alipoona askari hawamtoshi na Washington haimletei wengine, Butler huyo huyo akaunda vikosi vya Walinzi Wazawa vya watu weusi, vyenye maofisa weusi, na kikosi cha kwanza kikaapishwa tarehe 27 Septemba. Ukitazama tarehe tu, utasema Kapteni ameshinda: hitaji lilitangulia, imani ikafuata.

Lakini imani ilifuata kweli. Tarehe 29 Septemba 1864, pale New Market Heights, askari weusi wa jeshi lake waliteka ngome kwa gharama kubwa ya damu, na 14 kati yao wakapewa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kabisa nchini mwao. Butler hakuridhika. Alitengenezesha kwa fedha yake mwenyewe medali karibu 200 kwa ajili ya askari wake weusi. Mtu wa hitaji tu hamwendei sonara.

#17 Wakili Mstaafu
Au ni mwanasiasa anayejua kwamba askari atakuwa mpiga kura. Katika mkutano wa chama cha Democratic kule Charleston, 1860, Butler alimpigia kura Jefferson Davis mara 57 ili awe mgombea urais. Mara 57! Miaka miwili baadaye, Davis anataka kumnyonga. Baada ya vita tunamwona akiwa Republican mkali, na mwaka 1868 ndiye aliyefungua mashtaka ya Bunge dhidi ya Rais Andrew Johnson, aliyeponea kwa kura moja. Mwaka 1882 akachaguliwa gavana wa Massachusetts akiwa tena Democratic, na mwaka 1884 akagombea urais kwa vyama vidogo, akaambulia kama kura 175,000. Bendera ya jahazi ingeona haya kugeuka namna hiyo.

#18 Mchaga wa Mbali
Huyu ndiye aliyepunga shati lenye damu bungeni, sivyo? Nililisoma mahali.

#19 Mwalimu wa Zamu
Hilo lilizushwa baadaye, na limerudiwa mpaka likawa kama kweli. Mwaka 1871 alihutubia juu ya Allen Huggins, ofisa wa shule aliyechapwa viboko na Ku Klux Klan, kundi la siri la weupe lililowatisha weusi, huko Mississippi. Habari ya kupunga shati lake haimo katika kumbukumbu za Bunge. Kilichomo ni jitihada zake za kupata sheria dhidi ya kundi hilo, iliyopitishwa Aprili mwaka ule, ingawa muswada uliofaulu uliwasilishwa na Samuel Shellabarger, si yeye. Kifungu chake cha kwanza ndicho wanachokitumia Wamarekani hadi leo kumshtaki polisi aliyewavunjia haki za kikatiba.

#20 Kapteni Mstaafu
Kwa haki ya wasomaji lazima isemwe pia kwamba vitani alikuwa mzigo. Mei 1864 alijifungia na jeshi lake kwenye rasi ya Bermuda Hundred, na Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya kaskazini, akaandika kwamba alikuwa kama ndani ya chupa iliyozibwa kwa kizibo. Desemba akajaribu kuibomoa Ngome ya Fisher kwa kulipua meli iliyojaa baruti; ngome haikutikisika, akarudisha askari melini. Grant alimwondoa Januari. Butler akaenda mbele ya kamati ya Bunge, mikononi ana ramani, akithibitisha kwa hoja safi kabisa kwamba ngome ile haitekeki, na katikati ya ushahidi wake ikaingia habari kwamba imetekwa. Hoja zake zilikuwa hivyo siku zote, Mdadisi: nzuri mno mpaka husahau kuangalia dirishani.

#21 Mdadisi wa Tanga (mleta uzi)
Nashukuruni wote. Naliondoa neno "huruma" kwa mwezi wa Mei 1861, maana Binti Lindi na barua ya Annapolis amenivunja miguu. Ila siliondoi moja kwa moja. Yule mjane wa Mumford, mume wake alipokwisha kunyongwa kwa amri ya Butler, alikuja kupata shida, na Butler ndiye aliyemtafutia kazi ya serikali Washington. Hakuwa mpiga kura, Wakili. Hakuwa na koleo, Kapteni. Wala hakuwa binti wa kiwandani, Bibi Kanga. Hiyo tuiite nini?

#22 Wakili Mstaafu
Iite fidia ya nje ya mahakama. Ila nitakuongezea mzigo upande wako: mwaka 1883, akiwa gavana, alimteua George Ruffin kuwa hakimu wa kwanza mweusi Massachusetts, na mwaka ule ule Harvard ikakataa kumpa shahada ya heshima iliyozoeleka kupewa magavana. Kura za weusi jimboni mle zilikuwa chache mno kumfaidia lolote.

#23 Mwalimu wa Zamu
Mimi narudi kwenye barua ya Julai 30. Sikilizeni mpangilio wa hesabu yake: wenye nguvu kwanza, kisha wazee, wanawake, watoto. Ni orodha ya bohari. Halafu chini ya orodha hiyo hiyo anauliza kama hawa si watu. Nimewasomea wanafunzi wangu wa kidato cha tano barua ile, na darasa likagawanyika katikati: nusu walisikia wakili anayetafuta kibali cha mgao wa chakula, nusu wakasikia mtu anayeanza kushtuka.

#24 Kiroboto
Na wewe Mwalimu ulisikia nini?

#25 Mwalimu wa Zamu
Kengele ya mapumziko. Tunaendelea Jumatatu.